Kanga mmoja, wizara mbili: anayesema "nasomea wanyama" anasomea nini?

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mpwa wangu alikuja barazani kwetu hapa Tanga akiwa na C ya biolojia, D ya kemia na neno moja tu. "Mjomba, shikamoo. Mimi nataka kusomea wanyama."

Wazee waliokuwa wakinywa kahawa hawakungoja niitikie. Mmoja akamwambia aende Buhuri, hapo hapo karibu, akasomee mifugo, hata chakula cha nyumbani hatakikosa. Wa pili akasema Buhuri ni ng'ombe tu. Mtoto anayependa wanyama aende Mweka, avae sare ya kijani, aone tembo. Wa tatu, mwalimu mstaafu, akacheka wote wawili: amalize kwanza kidato cha sita, aende Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasome zuolojia, maana hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Wakabishana mpaka dele likakauka. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa upande wake, na binti aliondoka hajajibiwa.

Shida, ninavyoona mimi, ilikuwa kwenye neno "wanyama". Tunalitumia kama kwamba ni kapu moja, kumbe ni makapu matatu au manne.

Chukua kanga. Simaanishi wa kuvaa. Namaanisha ndege mwenye madoadoa. Akiwa uani kwako, anakula pumba na kutaga kwenye pakacha, yeye ni mfugo. Akiugua, unamwita bwana mifugo. Kanga yule yule, spishi ile ile, akiwa anaparura chini ya vichaka vya Saadani, ni mnyamapori, na ukimtega bila kibali umeingia kwenye Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kilichobadilika ni mmiliki na mahali. Neno "mfugo" linatuambia kuna mtu anayemfuga. "Mnyamapori" linatuambia anakoishi. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalosema kitu kuhusu mwili wa kanga.

Halafu kuna "mdudu", neno tunalomtupia chochote kidogo kinachotusumbua, kuanzia kupe hadi nge. Mwambie mtu wa kawaida kwamba inzi ni mnyama, atakuona umekunywa. Hata samaki, ukimwita mnyama sokoni Deep Sea, wavuvi watakutazama mara mbili.

Serikali nayo imegawa kazi karibu kama lugha ilivyogawa wanyama. Mifugo na samaki wako Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Wanyamapori wako Maliasili na Utalii. (Nyuki, ambaye watu wengi wanamfuga kwenye mizinga, amewekwa Maliasili pamoja na misitu, na chuo chake kiko Tabora. Usiniulize zaidi.) Vyuo vingi vilianzishwa na wizara ili kuzalisha watumishi wa wizara, kwa hiyo navyo vikajipanga hivyo hivyo. Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, wenye kampasi ya Buhuri hapa Tanga na nyingine kama Tengeru, Mpwapwa na Morogoro, unafundisha afya na uzalishaji wa mifugo. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichoanza mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro, kinafundisha pori na hifadhi. Pasiansi, Mwanza, ndiko wanakopikwa askari wa wanyamapori. Mbegani, Bagamoyo, ni uvuvi.

Zuolojia haina wizara. Ndiyo maana haina chuo chake cha cheti, na ndiyo maana mwalimu wetu alimtuma binti moja kwa moja chuo kikuu. Zuolojia haiulizi mnyama ni wa nani wala anaishi wapi. Inauliza ameumbwaje, anazaaje, anakula nini, ana undugu na nani, na kwa nini yuko hapa na si pale. Kwake inzi ni mnyama, kupe ni mnyama, konokono ni mnyama, na mwalimu mstaafu pia ni mnyama, ingawa hilo hatukumwambia.

Kwa hiyo kabla ya kumwuliza kijana anapenda mnyama gani, mwulize anataka kujibu swali gani.

Nianze na mifugo, kwa sababu Tanga ni mji wa maziwa na kwa sababu nina kidonda changu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mtamba mmoja mdogo, wa miezi minne, mweusi mwenye bato jeupe usoni. Siku moja aliacha kunyonya, akasimama pembeni masikio yameanguka. Nikakimbilia duka moja la dawa za mifugo. Muuzaji, bila kuondoka kwenye kaunta, akanipa antibiotiki na sindano, akaniambia nimchome siku tatu. Nikamchoma. Siku ya tatu nikapata akili ya kumwita bwana mifugo. Alipiga magoti, akapitisha kidole gumba chini ya sikio la ndama, akakipitisha tena mbele ya bega. Tezi zilikuwa zimevimba kama limau. Akaweka kipimajoto, kikasoma zaidi ya 41. "Ndigana kali," akasema. "Dawa yake ipo, ila inataka uwahi." Kesho yake ndama alikuwa anatoa povu puani, na jioni tukamzika.

Ile safari ya kidole gumba, kutoka chini ya sikio hadi mbele ya bega, ndiyo stashahada ya mifugo. Mtu anafundishwa kumgusa mnyama asiyesema na kujua anaumwa wapi. Anafundishwa kuhesabu siku 21 za mzunguko wa joto la ng'ombe, na kwamba akionekana ana joto asubuhi ahimilishwe, yaani apandikizwe mbegu, jioni, akionekana jioni ahimilishwe kesho asubuhi. Anafundishwa kutunza mbegu kwenye mtungi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kwamba mbegu ikitolewa hovyo juani imekufa hata kama bei yake haijashuka. Anafundishwa chakula: tumbo la ng'ombe lenye vyumba vinne, na kwa nini ukimbadilishia majani makavu kuwa pumba nyingi kwa usiku mmoja unaweza kumwua kwa shibe.

Na anafundishwa kukataa. Nenda kituo cha kukusanyia maziwa alfajiri, uone. Mfugaji anafika na ndoo kwenye baiskeli. Mpokeaji anachukua maziwa kidogo, anayachanganya na spiriti kiasi kile kile, anatikisa. Yakiganda vipande, hayapokelewi. Anatumbukiza laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa; maziwa safi ya ng'ombe husoma kati ya 26 na 32 hivi, na ikisoma chini ya hapo kila mtu pale anajua bomba la maji lilipita wapi. Mfugaji ataapa kwa watoto wake. Mpokeaji anamwonyesha kipimo, anaita anayefuata. Hiyo nayo ni kazi ya mtu aliyesoma mifugo, na haimo kwenye picha ya mtoto anayesema anapenda wanyama.

Sasa rudi kwa ndama wangu, aliyeuawa na ugonjwa unaoletwa na kupe. Kwa nini mabwana mifugo wanang'ang'ania ng'ombe waogeshwe kila wiki, na kupe wakiwa wengi hata mara mbili kwa wiki? Kwa nini isiwe kila mwezi, tupumzike na gharama? Jibu halipo kwa ng'ombe, lipo kwa kupe. Kupe wa ndigana kali, yule wa kahawia anayependa masikio, hunyonya wanyama watatu maishani: akiwa mtoto, akiwa kijana, akiwa mkubwa, na mara mbili za kwanza hushuka chini kujivua ngozi. Vimelea alivyovipata kwenye damu ya ng'ombe mmoja anavipeleka kwa mwingine katika umri unaofuata. Lakini akishang'ata, vimelea vinahitaji siku kadhaa kukomaa kwenye mate yake kabla ya kuingia kwa ng'ombe. Ukimwua katika siku hizo za mwanzo, umemwua kabla hajamaliza kazi. Ratiba ya josho imetokana na mtu aliyekaa akamsoma kupe kama kupe, bila ng'ombe wa kumtibu wala shilingi ya kupata. Mtu huyo tunamwita mzuolojia.

Mfano mkubwa zaidi wa hili uko hapa hapa Tanga, na nashangaa jinsi wenyeji wengi wasivyoujua.

Ndorobo, inzi mnyonya damu ambaye wengine wanamwita mbung'o, ndiye anayeeneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Unguja palikuwa na aina moja tu, Glossina austeni, na alitosha kuwatesa wafugaji wa huko miaka na miaka. Dawa zilipulizwa, ng'ombe walipakwa, ndorobo akapungua lakini hakwisha. Kilichommaliza ni udhaifu wake wa uzazi. Ndorobo hatagi mayai mia mbili kama inzi wa chooni. Jike anabeba mtoto mmoja tumboni, anamlisha kwa kitu kama maziwa, na baada ya siku tisa au kumi anamzaa buu mzima ambaye anajichimbia ardhini papo hapo. Kisha anaanza kumbeba mwingine. Maisha yake yote anaweza asifikishe watoto kumi na wawili. Na kwa kawaida anapandwa mara moja tu, mbegu anazihifadhi, hamtaki dume mwingine.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena, kwa sababu mpango mzima umejengwa juu yake. Ukimpatia jike dume aliyehasiwa, jike huyo amekwisha. Hatazaa, na hatatafuta mwingine.

Basi katika taasisi ya utafiti wa ndorobo hapa Tanga wakawafuga ndorobo, maelfu kwa maelfu, katika vyumba vyenye joto na unyevu uliopimwa, wakiwalisha damu ya ng'ombe kupitia utando laini uliofanana na ngozi. Madume yakapigwa mionzi ya gama kiasi cha kuua uzazi bila kuua hamu. Kisha yakapakiwa kwenye maboksi, yakapandishwa ndege ndogo, yakamwagwa juu ya misitu ya Unguja. Kazi hiyo, iliyoungwa mkono na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilianza mwaka 1994, na madume zaidi ya milioni 8 yalimwagwa. Ndorobo wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996. Mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa hakina ndorobo tena.

Katika kazi hiyo utawaona wawili kati ya watatu walioshauri barazani. Wazuolojia ndio waliojua siri ya jike. Watu wa mifugo ndio waliochukua damu za ng'ombe wa Unguja, wakahesabu nagana ikishuka, wakawaeleza wafugaji kwa nini ndege inamwaga wadudu badala ya kuwaua. Na vijana wa ngazi ya cheti na stashahada ndio waliopanga mabuu, wakabadilisha trei za damu, wakatenganisha madume na majike, siku baada ya siku, sikukuu na mwaka mpya. Koloni la ndorobo halijui Idi.

Kwa nini basi hatujafanya hivyo bara? Kwa sababu Unguja ni kisiwa; ndorobo akiisha hakuna wa kumrithi. Bara akiisha hapa, jirani yake anahamia. Ukitaka ushahidi nenda Mkwaja, pwani ya Pangani. Kuanzia miaka ya 1950 palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe pale. Ng'ombe walichomwa dawa za nagana mwaka hadi mwaka, vichaka vikafyekwa, ndorobo akaendelea, kwa sababu nyati, ngiri na pongo waliozunguka ranchi wanabeba vimelea hivyo bila kuugua. Ranchi ilifungwa mwaka 2000. Leo eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ardhi ileile, bwana mifugo ametoka, askari wa wanyamapori ameingia, na ndorobo aliyekuwa adui wa wa kwanza amegeuka kuwa mlinzi wa wa pili: anapomwuma mtalii hafai, lakini anapomzuia mchungaji kuingiza ng'ombe, hifadhi inapumua.

Kazi ya huyo wa wanyamapori nitaipitia haraka, kwa kuwa ndiyo watu wanadhani wanaijua. Wanachokosea ni kimoja: usimamizi wa wanyamapori kwa sehemu kubwa ni usimamizi wa watu. Utasoma ikolojia na kuhesabu wanyama, ndiyo, lakini pia sheria, mipaka, ramani, silaha, moto, mapato, na namna ya kukaa kwenye mkutano wa kijiji ambacho tembo wamekula mahindi yake jana usiku. Asiyependa vikao vya kijiji asijidanganye na sare.

Uvuvi nao una mlango wake. Mwaka 2004 wavuvi wa Tanga walianza kupandisha kwenye majarife yao ya kina kirefu samaki mkubwa, mzito, mwenye mapezi kama viungo vya miguu. Alikuwa silikanti, yule ambaye wanasayansi waliamini alikwisha pamoja na madainosori hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya silikanti hapa Tanga. Aliyesoma Mbegani atakuambia jarife linatupwaje na kina gani. Mzuolojia atakuambia kwa nini samaki huyu anazaa watoto hai. Bila wa kwanza, wa pili angekuwa bado anamsoma kwenye visukuku vya mawe.

Sasa ngazi, maana hapa ndipo wazazi wanapopotea zaidi. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuanza na cheti na kupanda hadi stashahada. Vyuo vya namna hii vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na masomo yamepangwa kwa ngazi, ya 4 na ya 5 zikiwa cheti, ya 6 ikiwa stashahada. Anayekwenda shahada moja kwa moja anapitia kidato cha sita, kwa kawaida PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia), na udahili wake unasimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina shahada ya sayansi ya wanyama ya miaka mitatu, ya wanyamapori ya miaka mitatu, na ya udaktari wa wanyama ya miaka mitano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori. Mwenye stashahada nzuri anaweza kupanda hadi shahada bila kurudi kidato cha tano, kwa hiyo barabara ya Buhuri haiishii Buhuri.

Ile miaka mitano ndiyo inayomtenganisha daktari wa wanyama na bwana mifugo. Mtaani tunamwita "dokta" kila mwenye begi na sindano. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 haituungi mkono. Daktari ni mwenye shahada ya tiba ya wanyama aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari; wenye stashahada na cheti ni wataalamu wasaidizi, nao wanaandikishwa na baraza hilo hilo na wana mipaka ya kazi. Mwenye duka asiyeandikishwa popote ni mfanyabiashara. Mimi nilijifunza tofauti hii kwa bei ya ndama.

Ushauri niliompa mpwa wangu haukuhusu mapenzi ya wanyama hata kidogo. Nilimwambia aulize kila chuo wanafunzi wanakwenda fildi wiki ngapi, na kama chuo kina ng'ombe wake au kina picha za ng'ombe. Ahakikishe jina la chuo na la kozi, vyote viwili, vimo kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini kozi haimo. Na aende kituo cha maziwa saa kumi na moja alfajiri, asimame pale bila simu. Alikwenda. Alirudi ananuka maziwa, anacheka, anasimulia mzee mmoja alivyoapa kwamba ng'ombe wake ndiye hunywa maji mengi, si yeye aliyeyatia.

Fomu ameijaza juzi. Nafasi ya kwanza ni Buhuri. Ya pili ameiacha wazi. Alikuwa amekaa ngazini, ametazama juu ya mwembe wetu ambako popo wanagombania maembe kila usiku, akaniuliza: "Mjomba, na hawa je? Wako wizara gani?"

Mwalimu mstaafu alifungua mdomo, akaufunga, akaomba kahawa.